Kiu ya Mzabibu, Mvua ya Kasulu

 

Mada ya leo imezaliwa barabarani. Mtu wa Kasulu akisafiri kwenda Dar es Salaam, lazima apite Dodoma, na pale stendi hakosi kuletewa zabibu dirishani. Anazitazama, nyeusi, zimejaa, anauliza bei, ananunua. Basi likishaondoka anatazama nje: vichaka vya miiba, mibuyu, vumbi. Hapo ndipo swali linapomjia, na akirudi nyumbani analileta kijiweni: kama Dodoma, pamoja na ukame wake wote, inavuna zabibu hadi inatengeneza mvinyo, sisi wenye mvua ya kumwaga tunashindwa nini?

Swali hilo nimelisikia kwa watu wazima wenye akili zao. Lakini linadhani kwamba mvua nyingi ni neema kwa kila mmea, kwa kila mwezi. Mzabibu haukubaliani na dhana hiyo, na nadhani hata kahawa yetu haikubaliani nayo. Nitaeleza.

Tuanze na hesabu. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo, miezi saba inaweza kupita bila tone. Huku kwetu, kwenye miinuko ya Kasulu na Kibondo, mvua huanza mwishoni mwa Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa Mei, na kwa kawaida hupita milimita 1,000. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linakadiria kwamba mzabibu unahitaji milimita 500 hadi 1,200 kwa msimu, kutegemea hali ya hewa na urefu wa msimu wenyewe. Kwa hesabu ya jumla basi, Dodoma inachechemea ukingoni na Kasulu imekaa katikati. Tungeishia hapo, tungesema twende tukachimbe mashimo.

Lakini jumla ya mwaka haimwambii mkulima kitu cha maana sana. Mzabibu unauliza: maji haya yamekuja lini?

Hebu tuchukue punje moja ya zabibu tuitazame kwa karibu. Ichukue ile nyeusi ya mvinyo, uibinye kati ya kidole gumba na cha shahada hadi ipasuke. Majimaji yanayotoka hayana rangi, au yana rangi hafifu mno. Weusi wote umebaki kwenye ganda. Sasa litafune ganda peke yake. Utasikia ukakasi unaokausha ulimi, na ndani ya ukakasi huo ndimo ilimo sehemu kubwa ya ladha ambayo mnywaji wa mvinyo mwekundu anailipia. Kwa hiyo mtengeneza mvinyo anatafuta ganda jingi kwa maji machache, na punje ndogo inampa hivyo. Punje kubwa iliyovimba maji ina ganda lilelile jembamba likizunguka bwawa. Mvinyo wake hutoka mwepesi, wa rangi ya kufifia, na hausimami mdomoni.

Nini huifanya punje iwe ndogo au kubwa? Maji, na wakati wake. Punje hukua kwa hatua mbili, na katikati kuna mapumziko. Hatua ya kwanza huanza mara baada ya ua kushika tunda: punje ni ngumu, ya kijani, chachu kupindukia. Mzabibu ukipata kiu kiasi katika hatua hii, punje hudumaa, na hata ukiumwagilia sana baadaye haziwezi tena kurudisha ukubwa uliopotea. Kisha punje hutulia. Baada ya mapumziko hayo hulainika, hubadilika rangi, na sukari huanza kumiminika ndani yake. Hiyo ndiyo hatua ya pili. Hapa mkulima wa zabibu za mvinyo anataka udongo uwe umekauka kiasi, ili mti uache kuhangaika na majani mapya na upeleke nguvu zake kwenye tunda.

Na sukari hiyo si ya utamu tu. Chachu inapoumua maji ya zabibu, kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa takriban asilimia moja ya kilevi. Zabibu yenye gramu 170 kwa lita itatoa mvinyo wa asilimia 10. Yenye gramu 220 itakaribia 13. Sasa fikiria shamba limebakiza siku chache livunwe, halafu mvua kubwa ikanyesha siku mbili mfululizo. Mizizi inakunywa, punje zinavimba, sukari iliyokusanywa kwa wiki kadhaa inazimuliwa. Punje zilizobanana kwenye kichala zinasukumana hadi maganda yanapasuka, utomvu unachuruzika, na kufikia mwisho wa wiki ukungu umeshaingia. Maji yamezidi unga.

Msikilizaji asije akanielewa vibaya akaenda kuutesa mti. Kiu nayo ina mpaka. Mzabibu ukikauka mno hufunga vitundu vya majani yake ili usipoteze unyevu, na ukivifunga hauvuti hewa ya kutengenezea sukari. Majani ya chini hugeuka njano na kudondoka, vichala hubaki uchi, na jua huzibabua punje. Wakati mwingine mkulima hupima sukari akakuta imepanda, akafurahi, kumbe punje zimenyauka tu: maji yametoka, sukari iliyokuwemo imekolea, na ladha haijaiva kamwe. Mkulima mzoefu hasubiri kufika huko. Anatazama ncha ya tawi. Vile vikono vyembamba vinavyojisokota kwenye waya vikiwa vimenyooka mbele kupita ncha, mti una maji tele na bado unakimbilia kukua. Vikianza kulegea na kuinama, na ncha yenyewe ikapunguza mwendo, kiu imeanza. Hapo ndipo pa kuamua kufungua bomba au kuliacha.

Kufungua au kuacha. Shikilia maneno hayo, maana ndipo Dodoma inapotuzidi.

Mizabibu ya Dodoma ililetwa na wamisionari Wakatoliki enzi za ukoloni, na misheni ya Bihawana ilijulikana kwa divai ya misa. Baadaye Gereza la Isanga nalo lilikuwa na mashamba, na kituo cha utafiti cha Makutupora, ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kikawa ndicho kitovu cha zao hili. Aina ya zabibu nyekundu iitwayo Makutupora Red imebeba jina la mahali hapo. Nyeupe inayojulikana zaidi ni Chenin Blanc. Leo ukipita Hombolo, Mpunguzi au vijiji vya Chamwino utakuta nguzo na waya, na huko Chinangali II wakulima wadogo waliwekwa pamoja kwenye shamba la umwagiliaji wa matone.

Kwa kuwa nchi yetu haina baridi kali, mzabibu hapa haulali kama unavyolala Ulaya wakati wa theluji. Anayeuamsha ni mkulima kwa mkasi wake wa kupogoa. Ukipogoa leo, saa inaanza kuhesabu, na baada ya miezi minne hivi unavuna. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka: mara moja katika miezi ya mvua au inapoelekea kuisha, na mara nyingine katikati ya kiangazi, karibu na Agosti. Mavuno ya mvua huiva huku mawingu yakiwa juu ya kichwa, na mkulima anashinda akipiga dawa ya ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Mavuno ya kiangazi huiva chini ya jua kavu, na kila lita ya maji inayofika kwenye mzizi imepita mkononi mwa mtu. Anaweza kumwagilia sana wakati wa kuchipua, akapunguza punje zikiwa changa, akabana zaidi zikianza kubadilika rangi. Ukame ambao sisi tunauonea huruma ndio umempa mkulima wa Dodoma mamlaka juu ya maji.

Wenzetu wa mbali wamelijua hilo siku nyingi. Mendoza, nchini Argentina, hupata mvua ya milimita 200 hivi tu kwa mwaka, na mizabibu yake huishi kwa maji ya theluji inayoyeyuka kwenye milima ya Andes na kuongozwa mashambani kwa mifereji. Huko Adelaide, Australia, katika miaka ya 1990, watafiti waligundua mbinu ya ajabu kidogo: walimwagilia upande mmoja wa mizizi na kuuacha upande wa pili ukauke, kisha wakabadilisha. Mizizi iliyo kavu hupeleka kemikali ya tahadhari kwenye majani, majani yanabana vitundu vyake, mti unapunguza kukua ovyo, ilhali mizizi ya upande wenye maji inaendelea kulisha tunda. Walitumia karibu nusu ya maji, na mavuno hayakuporomoka.

Mtu atanijibu: lakini Bordeaux, kule Ufaransa, hunyesha zaidi ya milimita 900, na mvinyo wake unasifiwa dunia nzima. Ni kweli. Mtafiti Gérard Seguin wa huko huko alitumia miaka mingi kuchunguza udongo wa mashamba mashuhuri ya Bordeaux. Aliona udongo wa aina mbalimbali, wa changarawe, wa mfinyanzi, wa chokaa, wala hakuna aina moja iliyomiliki sifa. Kilichoyaunganisha mashamba yale kilikuwa namna udongo wake unavyoyapa mizizi maji: hauiachi itote baada ya mvua, wala hauiachi ikauke ghafla jua likiwaka. Mahali ambapo binadamu hana bomba la kufunga, udongo umefanya kazi hiyo.

Sasa turudi nyumbani. Hapa kwetu hatuna ukame wa Dodoma wa kutupa mamlaka. Tuna nini?

Tuna kiangazi cha kweli, kuanzia Juni hadi Septemba. Tuna miteremko ya udongo mwekundu ambayo haituamishi maji, tofauti na mabondeni. Tuna mwinuko unaozidi ule wa Dodoma, na usiku wa ubaridi wa mwezi wa saba ambao zabibu inayoiva huupenda. Ukitaka kujaribu mizabibu Kasulu au Kibondo, kalenda yenyewe inakuonyesha mlango, na mlango ni mmoja. Pogoa mwanzoni mwa Aprili. Machipukizi yatakula mvua za mwisho. Maua yatafunguka karibu na katikati ya Mei, mvua ikiwa imekatika, maana mvua ikinyesha juu ya maua huosha chavua na kichala hubaki na mapengo. Punje zitakua kwa unyevu uliojificha chini, kwa kuwa mzizi wa mzabibu huenda chini mita kadhaa ukipata udongo usio na mwamba. Zitaiva Julai mwishoni au Agosti, kavu, bila wingu. Hiyo ni hesabu yangu ya kalenda, na shamba ndilo litakalohukumu.

Na huo msimu wa pili ambao Dodoma inauvuna? Usahau. Ukipogoa Oktoba ili upate tunda, utakuwa unaivisha zabibu zako Februari, katikati ya masika yetu. Utanunua dawa kila wiki na bado utavuna ukungu. Wakulima wa Maharashtra, nchini India, wanaoishi na mvua kubwa za msimu wa monsuni, wanapogoa mara mbili lakini wanavuna mara moja: kupogoa kwa kwanza ni kwa ajili ya kujenga matawi, na kwa pili ni kwa ajili ya tunda, ili tunda lenyewe likutane na kiangazi. Sisi tungelazimika kufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mzabibu wa Kasulu utakula gharama ya mwaka mzima, nguzo, waya, dawa na vita na mchwa, halafu ulipe mara moja.

Halafu kuna soko. Zabibu ikichumwa haingojei. Dodoma penyewe, penye viwanda mlangoni, kilio cha wakulima kimekuwa ni wanunuzi kutotosha, hadi wengine wakaona heri wakamue na kuuza mchuzi wa zabibu kuliko kuona matunda yakioza. Kutoka Kasulu hadi kwenye viwanda hivyo ni mamia ya kilomita. Zabibu laini itafika imeshaanza kuchacha ndani ya kreti.

Kwa hiyo je, tufunge mjadala? Hapana. Yale tuliyojifunza kwa mzabibu yanagusa zao ambalo tayari liko mashambani mwetu. Nazungumzia kahawa.

Mkulima wa kahawa wa Buhigwe au Kasulu anajua kwamba mbuni hauchanui bila kiangazi. Vichomozo vya maua hutangulia, vikasimama, vikalala usingizi. Vinahitaji ukavu wa wiki kadhaa, halafu mvua ya kwanza ya maana ikipiga, baada ya siku kumi hivi shamba zima linakuwa jeupe na kunukia. Mvua ikinyeshanyesha ovyo wakati wa kiangazi, maua hutoka kwa mafungu, na mwishowe tawi moja linakuwa na matunda mabichi, mabivu na yaliyokauka kwa pamoja. Mchumaji atapita mara sita mahali ambapo angepita mara tatu, au atakwanyua yote kwa pamoja na kuharibu ubora. Kisha, tunda likishashika, mambo yanageuka. Watafiti wa Ruiru, Kenya, walionyesha kwamba ukubwa wa punje ya kahawa huamuliwa na maji yanayopatikana takriban kati ya wiki ya 10 na ya 17 baada ya kuchanua. Zikipata maji hapo, punje huwa kubwa. Zikikosa, huwa ndogo, na hakuna mvua ya baadaye itakayozinenepesha.

Angalia basi. Mbuni unataka kiu kabla ya ua na maji baada yake. Mzabibu unataka maji mwanzoni na kiu tunda linapokaribia kuiva. Yote miwili ina tarehe zake, na anayezijua tarehe hizo atamshinda jirani yake hata kama mvua imewanyeshea sawasawa.

Kabla sijamaliza, niseme neno kuhusu kuwaonea wivu Wadodoma. Bomba lao limefungwa kwenye maji ya ardhini, na maji hayo yana masharti. Bonde la Makutupora, palepale zinapofanyiwa utafiti zabibu, ndilo pia lenye visima vinavyoinywesha Dodoma mjini. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji katika visima vya bonde hilo. Walichoona ni kwamba hazina ile haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Kwa sehemu kubwa hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, mara nyingi ile inayoambatana na El Niño. Miaka mingine yote ni ya kutoa. Na tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wanywaji wa maji hayo wameongezeka. Mamlaka juu ya maji ni jambo jema, lakini ni mamlaka juu ya akiba, na akiba huisha.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mzabibu unaweza kumea Kasulu na Kibondo. Kumea si kazi. Kuzaa zabibu za mvinyo zenye sukari na rangi ya kutosha kutawezekana kwa msimu mmoja tu wa kiangazi, kwenye mteremko, kwa mtu mwenye mtaji wa dawa na mahali pa kukamulia karibu na shamba. Kwa mkulima wa ekari mbili ambaye watoto wanamsubiri kwa ada, hilo si zao la kung'olea kahawa wala migomba. Panda mashina machache nyuma ya nyumba, uangalie, ujifunze, ule zabibu na wajukuu. Kama yupo mwenye uwezo wa zaidi ya hapo, basi aanze kwa kuwatafuta wataalamu wa Makutupora kabla ya kununua nguzo hata moja.

Na kwa sisi sote wengine, ombi langu ni dogo. Nunueni daftari. Andikeni siku mvua iliponyesha, na kama kuna kipimo cha mvua shuleni au kwenye ofisi ya kata, ulizeni ilikuwa milimita ngapi. Andikeni siku kahawa ilipochanua, kisha hesabuni wiki. Mkifika ya 10 na mkaona jua linawaka, tandazeni nyasi kavu shinani ili unyevu usikimbie, na mwenye kijito karibu amwagilie kwa ndoo au kwa mfereji. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Mwayaya hakiko mbali, na maafisa ugani wa kata wanalipwa ili wajibu maswali yenu. Waulizeni. Mvua kwa kawaida huanza mwishoni mwa Oktoba, na kufikia hapo daftari liwe limeshanunuliwa.